Mjadala: Lori likianguka, kubeba mzigo wake ni wizi ama ni riziki?

Mleta mada, Nakuru

Wandugu naomba tujadili hii kitu kwa utulivu. Jana kwa baraza chifu wetu ameongea karibu nusu saa kuhusu malori yanayoanguka huku kwetu kati ya Salgaa na Mau Summit, na yote aliyosema yalikuwa ni msichote mafuta mtaungua. Ni kweli. Watu wa huku hatuhitaji kukumbushwa Sachang'wan, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliisha kwa ule moto wa lori la mafuta lililoanguka, wengine walizikwa kaburi la pamoja kwa sababu hata mama zao hawangeweza kuwatambua. Lakini nikitembea kurudi nyumbani nikajiuliza, na lori likiwa la sukari je? Sukari hailipuki. Kama sababu ya kukatazwa ni moto pekee yake basi ya sukari tubebe tu?

Nawaambia kwa nini hii imenishika. Nikiwa darasa la saba lori la unga lilianguka karibu na kwetu, asubuhi mapema bado kuna ukungu, nikavua sweta ya shule nikafunga mikono ikawa kama mfuko nikaweka pakiti sita. Nilifika nyumbani nikijua leo nitasifiwa maana wiki hiyo tulikuwa tunakula viazi na chumvi. Mama akaziangalia, moja ilikuwa imepasuka mchanga wa barabara umeingia ndani, akauliza za nani hizi. Nikasema si za mtu, zimemwagika. Akasema, "Mimi hiyo sipiki." Akarudi kumenya viazi. Zile pakiti zilikaa juu ya kabati mpaka zikaingia wadudu.

Mama hakuwa anajua sheria inasema nini na hakukuwa na polisi anakuja. Sasa swali ndio hili, alikuwa sahihi? Na kama alikuwa sahihi ni kwa msingi gani? Tukiwa na wadogo zangu watatu wenye njaa.

Mlokole, Kakamega

Usiibe. Kutoka 20:15. Sioni mjadala hapa.

Mleta mada

Asante lakini hapo kuna swali la zamani sana, mwanafalsafa Socrates alimuuliza mtu kule Athene zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Jambo ni jema kwa sababu limependwa na miungu, ama limependwa kwa sababu lilikuwa jema tayari? Ukisema la kwanza, basi wema ni amri tu, na amri ingeweza kuwa ingine. Ukisema la pili, basi kuna sababu ambayo hata sisi tunaweza kuitafuta kwa akili. Mimi naamini Mungu, na ndio maana naitafuta hiyo sababu.

Mlokole, Kakamega

Haya, hiyo nakubali ni swali. Basi soma pia Kumbukumbu 22:4. Ukimwona punda wa ndugu yako ameanguka njiani usijifanye hujaona, lazima umsaidie kumwinua. Punda wa siku hizo ndiye lori ya leo. Hapo hujaambiwa tu usichukue, umeambiwa usipite.

Mwislamu wa Mumias

Hata kwetu iko. Kitu umeokota chenye thamani unatangaza mwaka mzima ukitafuta mwenyewe. Na lori mwenyewe anajulikana, amejiandika ubavuni na namba ya simu juu, sasa hapo unatangaza nini, unampigia tu.

Mwalimu, Kisumu

Mleta mada umeuliza msingi, wacha nijaribu, mtanisamehe nikirefusha.

Ile ya chifu, "mtaungua", inaangalia matokeo. Mwanafalsafa Jeremy Bentham wa Uingereza mwaka 1789 alisema tendo lipimwe kwa raha na maumivu linayoleta, kwa kila anayeguswa, na hakuna mtu anahesabiwa mara mbili. Wengi wakisikia hivyo wanasema basi tubebe, kampuni ni tajiri na bima italipa, mimi pakiti sita zinanisaidia kuliko zinavyomuumiza yeye. Lakini hiyo hesabu mnaifanya nusu. Weka dereva ndani, weka tanboi, yaani msaidizi wake, weka ambulensi imekwama kwa sababu barabara imejaa watu na bodaboda, weka bima kupanda na bei ya unga kupanda nayo, halafu ndio ujumlishe.

Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1785 alikuja na njia tofauti kabisa. Chukua ile kanuni unayofuata, uulize kama ungetaka iwe sheria ya kila mtu. "Kitu cha mtu akipata ajali ni changu." Ungetaka kweli? Wewe ukianguka na boda ukiwa na kuku wako wa kupeleka soko la Kibuye? Ukikataa kwako na ukikubali kwa mwingine umejipa ruhusa ambayo hutaki kumpa mtu yeyote, na hapo ndipo kosa liko, hata kama hakuna aliyeumia. Kant alisema pia mtu asitumiwe kama chombo tu. Mimi naona hata hiyo tunaivunja, dereva tunampita kama jiwe.

Halafu kuna Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa kale, huyo haanzi na pakiti hata kidogo. Anauliza unakuwa mtu wa aina gani ukirudia tendo. Tabia inajengwa kwa kufanya, kama mjenzi anavyojifunza kwa kujenga. Nafikiri mama yako alikuwa hapo. Hakuwa anahesabu unga, alikuwa anakuangalia wewe.

Na wale wa "lakini kila mtu hubeba", mwanafalsafa David Hume wa Scotland alishaonyesha mwaka 1740 kwamba huwezi kutoka kwa vile mambo yalivyo ukaruka moja kwa moja mpaka vile yanavyopaswa kuwa. Kijiji kizima kubeba ni habari tu, bado haijawa sababu.

Mama wa Gem, Siaya

Mwalimu umeongea vizuri lakini umeongea ukiwa umeshiba. Mimi ni wa huku Gem. Julai 2021 tanka ilianguka Malanga usiku, barabara ya Kisumu kwenda Busia, watu 13 wakaungua. Kulikuwa na watu walisema ni ujinga na tamaa, na mimi hiyo kauli iliniuma na bado inaniuma. Mtu anatoka kitandani usiku na jerikeni ya lita tano kwa sababu lita tano ni chakula cha siku tatu.

Huku kwetu Siaya kuna mtu wa Ugenya alikuwa mwanafalsafa, Henry Odera Oruka, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mpaka alipofariki 1995. Yeye alisema kuna kiwango cha chini ambacho kila binadamu ana haki nacho, usalama wa mwili, afya na chakula, na asiyekipata huwezi kumdai awe na akili na maadili ya mtu kamili kama vile hujamnyima kitu. Hata Thomas Aquinas, padre wa karne ya 13, alikubali kwamba mtu aliye kwa dhiki kubwa kabisa akichukua cha mwingine kuokoa maisha huo si wizi. Sasa niambieni, mbona tunaanza maadili na mwenye jerikeni? Katiba ya 2010 ina Sura ya Sita nzima ya uadilifu wa viongozi. Tuanzie huko.

Mwalimu, Kisumu

Mama nimekusikia, na ile neno ya tamaa sitaitumia tena. Lakini Aquinas aliweka mpaka, ni dhiki ile ya mtu kufa kama hajapata, na hakuna njia ingine. Aliyekuja na pikapu kubeba beli arobaini akauze hayuko hapo.

Mama wa Gem, Siaya

Huyo wa pikapu hata mimi simtetei.

Dereva

Nimesoma yote. Mimi naendesha trela Mombasa mpaka Malaba, na nimewahi kuanguka mara moja, breki ziliisha nikishuka. Mguu ulibanwa na usukani. Mtu wa kwanza kufika alifungua mlango upande wa tanboi nikajua nimepona, akachukua simu yangu kwa dashibodi na koti. Wa pili akachukua betri. Nilikuwa naongea na wao, nawaambia mguu, mguu. Walikuwa wananisikia. Aliyenitoa ni mzee mmoja mwenye punda wa maji na wanawe, na hakuuliza nimebeba nini. Mwajiri alinikata mzigo kwa mshahara miezi minane, hiyo bima mnasema mimi sikuiona.

Mleta mada nakuuliza bila ubaya. Siku ile ya unga, dereva wenu aliishia wapi?

Mleta mada

Nimekaa na hii swali tangu mchana. Nakumbuka rangi ya pakiti, nakumbuka tairi moja bado ilikuwa inazunguka, nakumbuka mwanamke ananisukuma kwa bega. Upande wa kabini sikuenda. Kesho nitampigia mama nimuulize kama yeye anajua.