Naomba ushauri: mbwa wawili ndani, mmoja mpole mwingine hatulii

Habari zenu wakuu, nina mbwa wawili wadogo, jike wa miaka 4 mpole mpaka kero na dume wa miezi 9, yeye akisikia mlango tu keshaparamia makochi. Shida ni msosi na kulala, dogo akimsogelea mwenzie, jike anageuza uso, analamba pua, mkia chini, jamaa haelewi kabisa anazidi kumng'ang'ania mpaka siku hizi dada mtu anakula nusu anaondoka. Nimewatenganishia vyombo, dume namtembeza kwanza achoke, afadhali kidogo ila usiku ni vilevile. Wenye uzoefu, nimwache jike amkoromee mwenyewe au niingilie mapema? Na kumhasi dume kutasaidia au ni utoto tu?