Tupeane uzoefu: somo gani la uhandisi ulilielewa ulipolishika kwa mkono?

Wadau, nianze mimi. Niko mwaka wa nne, umeme. Maabara tulikuwa watu 12 kwenye osiloskopu moja, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini. Wawili wanazungusha vitufe, wengine tunanakili majibu. Hilo liliniuma. Nikashuka barabara ya Luthuli, Nairobi, kwenye maduka ya elektroniki, nikanunua kidhibiti volti, 7805, nikakiunga na betri ya volti 12 nipate volti 5 za kuzungusha mota. Ikazunguka vizuri. Punde nikakigusa, kidole kikababuka. Usiku nikapiga upya hesabu niliyoifaulu mtihanini: volti 7 zinazobaki, mara nusu ampea ya mota, wati 3.5, zote joto, ndani ya kidude kisichozidi ukucha wa dole gumba. Kesho yake nikakifungia kipande cha alumini kiondoe joto. Siku hizi kila sakiti nikiiona nauliza kwanza: joto litatokea wapi?

Wa Shauri Moyo, mitambo
Likizo ndefu nilimwomba mzee mmoja fundi bati wa jua kali, Kamukunji, nishinde naye. Wiki ya kwanza ilikuwa kunyoosha bati za mapipa tu, nyundo kutwa. Kisha akaniachia sanduku. Nikachora, nikakata, nikakunja. Mfuniko ukakataa kuingia. "Kijana, unene wa bati umeuweka wapi?" Kumbe kila kona inakula kidogo. Kipimo chake yeye ni kipande cha bati chenye alama za msumari, na mifuniko yake inakaa mara moja. Vyuo viwalipe wazee hawa waje kutufundisha.

Wa Ngara, elektroniki
Mimi nilivutwa na 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, satelaiti ya kwanza ya Kenya, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018. Kijisanduku cha sentimita 10 kila upande! Nilikuwa sekondari bado.

Dada wa ujenzi, Umoja
Kwenye mafunzo ya kazini, fundi aliongeza maji zege liteleze. Nikaomba tulipime: koni ya sentimita 30, unaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka unashindilia mara 25. Kuinua koni, zege likatandaa kama uji. Msimamizi akalikataa. Mikono ilinitetemeka, fundi ni rika la baba yangu, lakini nguzo ile ingebeba watu.
Wa Shauri Moyo, mzee wako anapokea wasichana?

Wa Shauri Moyo
Anapokea, dada. Njoo mapema, na viatu vya kufunika vidole. Tafuta glavu za ngozi pia. Bati likishakatwa ni wembe.