Wazee wa mkeka, mwacheni mcheza tenisi wa Monastir apumue

Wakuu, leo nimevurugwa, mtanisamehe kwa lugha.

Jana usiku kwenye grupu letu la mikeka ya kubeti jamaa mmoja kabandika ujumbe aliomtumia binti anayecheza tenisi huko Monastir, Tunisia. Kosa la binti? Seti ya tatu kaanzisha mpira, ukagonga wavu mara mbili mfululizo, na mkeka wa jamaa ukachanika ukiwa umebakiza hiyo mechi moja tu. Basi kamtukania mama yake, kamwombea saratani. Na watu wanacheka! Mimi nimefundisha watoto tenisi miaka tisa, haikushuka kooni.

Hivi mnajua mnayemtukana analipwa nini? Monastir kuna mashindano ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia, ya ngazi ya chini kabisa, karibu kila wiki, yale ya dola 15,000. Msidhani hizo ni za bingwa. Ni zawadi za watu wote zikijumlishwa. Bingwa anaondoka na dola elfu mbili na ushee. Anayetolewa raundi ya kwanza anapewa kama dola 150, karibu laki nne za kwetu. Aliyeishia kwenye mechi za mchujo hapati hata ya teksi. Kwenye hiyo laki nne toa ndege, hoteli, chakula, nyuzi za raketi. Kocha ni ndoto, wengi wanazunguka peke yao wakifua jezi kwenye sinki la bafuni. Halafu Jumatatu anaanza upya, kiwanja kilekile.

ITF wenyewe walishapiga hesabu kwa takwimu za 2013. Mwanamume aliye nje ya 336 bora duniani, na mwanamke aliye nje ya 253, anatumia kuliko anachoingiza, tena bila kuhesabu mshahara wa kocha. Wa 336 duniani, jamani! Kwenye soka huyo ana magari matatu.

Angalieni hata wa kwetu huku. Angella Okutoyi wa Kenya, mtoto aliyelelewa na bibi yake, mwaka 2022 alitwaa taji la Wimbledon kwa wasichana, wachezaji wawili wawili. Baada ya hapo akaenda Auburn, chuo kikuu Marekani. Kuna walionung'unika kwamba angeingia moja kwa moja kwenye kulipwa. Kulipwa nini? Chuo kina kocha, viwanja, daktari na sahani ya chakula. Na Wimbledon hiyohiyo, wakubwa wa mmoja mmoja waliotolewa raundi ya kwanza 2025 walibeba pauni 66,000 kila mmoja. Ngazi zote za katikati unapanda kwa pesa za mfukoni.

Lakini hasira yangu haiishii kwa wabeti. Mnadhani mechi ya wachezaji msiowajua hata majina inafikaje kwenye simu yako Mbagala? Mwaka 2015 ITF walisaini na Sportradar, kampuni ya takwimu za michezo, mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 70, kuuza matokeo ya moja kwa moja ya mechi zao. Mwamuzi anabonyeza kifaa chake, pointi inatua kwako. Milioni 70 kutokana na jasho la watu wa dola 150! Kampuni zinakula, shirikisho linakula, na mchezaji anabaki na matusi yako.

Na wala si kwamba nakuza mambo. Taarifa ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake, na ITF inasema mwaka 2024 wachezaji 458 walitumiwa ujumbe wa matusi na vitisho kama 8,000. Asilimia 40 ulitoka kwa wabeti wenye hasira. Wabeti, yaani sisi. Hata mimi naweka mkeka, sijifanyi mtakatifu, ila nikiliwa nanyamaza, nalala.

Wewe uliyemwandikia yule binti, najua umo humu na unasoma. Futa ule ujumbe kabla sijaweka jina lako hapa.