Deluxe Reverb inakata fyuzi ya 1A: naweza kuweka ya 2A?

mnara_wa_bati
Wakuu habarini. Ampu yangu ya gita ni Fender Deluxe Reverb ya miaka ya 1960, ya soko la Marekani (120V), inapata umeme kupitia transfoma ya kushusha kutoka 230V. Nikiwasha swichi ya umeme valvu (taa za kioo za kukuza sauti) zinawaka vizuri. Nikifungua Standby tu (swichi ya pili, inayopeleka volti kubwa kwenye valvu), sekunde mbili nyingi, fyuzi imekatika. Duka la karibu lina 2A na 3A. Je, niweke 2A nione tatizo liko wapi? Na kwa kuwa huku ni 230V, si ingefaa hata 0.5A?

bayasi35
Usiweke 2A, na ule ujanja wa kuzungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ndiyo kabisa usiukaribie. Piga hesabu: 120V mara 1A ni 120VA, na transfoma ya ampu hii haikuundwa kubeba zaidi ya hapo kwa muda. Ukiweka 2A, kitakachoungua kwanza ni transfoma, na hicho ndicho kifaa ghali kuliko vyote humo ndani.

Kuhusu 0.5A: hiyo ni kwa ampu iliyobadilishiwa transfoma ikapewa ya 230V. Yako inapokea 120V, hivyo inabaki 1A. Nunua yenye alama ya T (inayochelewa kukatika), si F (inayokatika haraka). Ampu ikiwashwa, filamenti bado baridi na kapasita tupu huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi; F inaweza kukatika bila kosa lolote, T inavumilia. Kishikio cha zamani kinachukua kioo cha 6.3 x 32 mm, si kile kidogo cha 5 x 20.

Itazame fyuzi iliyokatika. Kioo kimekuwa cheusi au kama kimepakwa fedha? Hapo kuna shoti kubwa. Kioo safi na waya umeachana katikati? Ni mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu.

mnara_wa_bati
Kioo kimekuwa cheusi kabisa.

koili_na_soketi
Basi acha kuchoma fyuzi. Tengeneza kizuizi cha balbu: balbu ya nyuzi ya 100W, 230V, iunge kwa mfululizo kwenye waya wa laivu kabla ya transfoma ya kushusha. Ikipiga mwanga kidogo halafu ikafifia, mambo ni salama. Ikibaki na mwanga mkali, kuna shoti.

Kila unapogusa ndani: chomoa plagi, toa umeme wa kapasita kubwa kupitia rezista, kisha pima mpaka mita isome chini ya 10V. Humo kuna zaidi ya 400V DC, na zinaweza kubaki baada ya kuzima.

Chomoa valvu zote mbili za 6V6 (zinazosukuma spika), acha GZ34 (valvu inayogeuza AC kuwa DC), washa na ufungue Standby. Balbu ikiendelea kuwaka sana, tafuta kwenye kapasita za kwanza za 16µF. Ikififia, ondoa balbu na upime pini 5 ya kila soketi ya 6V6: inatakiwa karibu −35V kwenye zote mbili. Hiyo ndiyo bayasi, volti hasi inayozuia valvu isivute mkondo kupita kiasi. Upande mmoja ukiwa pungufu, shuku kapasita ya 0.1µF inayopeleka sauti kwenye pini hiyo, inavuja.

mnara_wa_bati
Bila 6V6 balbu imefifia. Pini 5 zinasoma −34 na −35V.

koili_na_soketi
Bayasi ipo, basi shoti iko ndani ya 6V6 mojawapo. Rudisha balbu, ingiza moja moja. Kabla ya kuweka mpya pima rezista za 470Ω kati ya pini 4 na 6: valvu ikipiga shoti mara nyingi inaondoka nazo.

bayasi35
Niongeze jambo ambalo wengi hawalioni. Fyuzi ya umeme hailindi valvu. Bayasi ikipotea, 6V6 mbili zinaweza kuvuta pamoja 200mA kwenye 415V: ni 83W. Filamenti zote ni kama 27W. Jumla 110W, yaani karibu 1A, na fyuzi ya 1A haikatiki kwa 1A. Sahani za ndani ya valvu zinakuwa nyekundu, nayo fyuzi imetulia.

Ndiyo maana Marshall waliweka fyuzi ya pili ya volti kubwa: 500mA kwa 50W, 1A kwa 100W. Kwako weka mbili za T250mA, kauri za 500V, moja kwenye kila waya unaoingia pini 4 na pini 6 za GZ34. Usiweke fyuzi kwenye waya wa kati wa transfoma. Bayasi ya ampu hii inatoka kwenye koili hiyohiyo, na waya wa kati ukikatika bayasi inapoteza njia yake.

koili_na_soketi
Ukiwa umeifungua, angalia na waya wa ukutani. Nyingi za umri huu zilikuwa na nyaya mbili, na fyuzi inaweza kuwa upande wa nyutro bila wewe kujua. Weka kebo ya nyaya tatu, ethi kwenye chasisi. Laivu ianzie kwenye ncha ya nyuma ya kishikio cha fyuzi, ndipo iende swichi. Ile kapasita ya 0.047µF kwenye swichi ya Ground iondoe: ikipiga shoti, chasisi na nyuzi za gita zinashika umeme, na mkondo unaopita mwilini ni mdogo mno kukata fyuzi yoyote.