Tunaajiri developa wa kwanza wa frontendi, tumpime vipi?

mwanzilishi_mpya
Habari wakuu. Tuna startapu ndogo, bekendi (upande wa seva) iko vizuri ila frontendi (kile mtumiaji anachokiona na kubonyeza) tumekuwa tunaungaunga tu, sasa tunataka mtu mmoja aishike yote. Shida kati yetu hakuna anayeijua hiyo kazi kwa undani. CV zimekuja nyingi, kila mtu kaandika React na TypeScript (zana za kujengea frontendi), portfolio zinang'aa na zote zinafanana. Mwenzangu anataka tuwape maswali ya algorithimu, mwingine anasema kila mtu ajenge ukurasa mzima wikendi atuletee. Nyie mlifanyaje?

fundi_css
Mkuu algorithimu achana nazo, hazikwambii kama mtu anaweza kukujengea fomu ya kujisajili. Mimi nakaa na mtu kama saa moja, ana-share skrini, nampa fomu ndogo tu, imeili na pasiwedi na kitufe cha kutuma, agoogle anavyotaka maana kazini ndivyo tunavyoishi. Halafu naangalia. Kitufe katumia button yenyewe ya HTML au kachukua div (boksi tupu tu) akaibandika onclick ili ikubali kubonyezwa? Kwa macho zinafanana kabisa, ila hiyo div ukibonyeza Tab inarukwa, Enter haifanyi kitu, na asiyeona anayetumia kisoma skrini hajui hata kama pale kuna kitufe. Kisha naifanya API, yaani sehemu ya seva inayopokea hiyo fomu, irudishe 500 (seva imekwama). Hapo ndo patamu, kwa sababu fetch, ile amri ya JavaScript ya kutuma ombi kwa seva, haihesabu 404 (hakijapatikana) wala 500 kuwa ni kosa, inalalamika pale tu jibu lisipopatikana kabisa, mfano mtandao umekatika, kwa hiyo kama hajaangalia response.ok (inayosema seva imekubali au la) mtumiaji anaambiwa "umefanikiwa" na hakuna kilichosajiliwa. Akishtukia mwenyewe kabla sijamwonyesha, huyo simwachii.

dada_wa_kodi
Naunga mkono. Ila hiyo kazi ya wikendi bila malipo jamani hapana, si haki. Wazuri wengi wana kazi na watoto, wataipita tu, mtabakiwa na wenye muda. Kama ni lazima basi iwe ya masaa mawili na mlipe. Na portfolio msiangalie kung'aa, mwambie akuonyeshe sehemu iliyomsumbua na aliitatuaje, aliyeifanya kweli ataongea mpaka umkatishe.

mwanzilishi_mpya
Asanteni sana. Sasa tuchukue mzoefu au kijana anayeanza? Na lazima awe wa React?

fundi_css
Mzoefu. Si kwamba vijana hawawezi, ila kwenu hakuna wa kumkagulia kodi (code) anayoandika wala kumwambia hapa umekosea, utamwonea bure. Akishakaa huyo wa kwanza ndo mlete kijana ajifunze kwake. React ni nzuri ila isiwe kigezo, AngularJS, zana ya Google ya kazi hiyohiyo, ilitoka 2010 ikawa kila mahali, mwisho wa 2021 Google wakaacha kuisapoti, na waliokuwa wameshika HTML, CSS na JavaScript yenyewe walihamia kwingine bila shida.

mwanzilishi_mpya
Sawa mkuu. Hiyo API ya majaribio tunaandika wenyewe?

fundi_css
Ndio, mtu wenu wa bekendi haimsumbui, kiseva kidogo tu. Mwambie jibu alicheleweshe sekunde tatu hivi, halafu muone kama mtahiniwa atakizima kile kitufe watu wasitume mara mbili.