Shairi limekwama ubeti wa nne, hadithi imegoma katikati. Nifanyeje?

Kalamu_ya_Jinja

Habari zenu ndugu. Nina kazi mbili za Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, na zote zimegoma.

Ya kwanza ni tarbia (mishororo minne kila ubeti) ya beti 7, mtiririko, yaani vina vya kati na vya mwisho havibadiliki beti zote. Kiishio chake, mshororo wa mwisho unaojirudia kila ubeti: "Lugha hii ni daraja, tuvuke kwa kushikana." Beti tatu zilitoka vizuri, wa nne hautoki kabisa.

Ya pili ni hadithi fupi ya maneno 3,000. Mama anatoka Busia alfajiri kwenda kununua nguo soko la Owino, Kampala. Safari imeelezwa, soko limeelezwa, imefika maneno 1,100, kisha kimya. Tena mazungumzo ni shida: watu wa sokoni wanasema Kiganda, na kila sentensi nasimama kutafuta neno la Kiswahili.

Nisubiri msukumo urudi, au kuna njia?

Manju_wa_Bombo

Usisubiri, ndugu yangu. Shairi lako limeishiwa kina, yaani silabi inayofanana mwishoni mwa kila kipande cha mshororo. Hesabu mwenyewe.

Mtiririko wa beti 7 unadai maneno matatu ya kina cha kati kwa kila ubeti, yaani 21, ukiacha kiishio kinachojirudia. Kina chako cha kati ni -ja, kutoka "daraja". Sasa orodhesha maneno ya -ja yanayofaa mada yako: haja, hoja, faraja, pamoja, umoja, moja, kioja, ngoja, taja, vuja, kuja. Ni 11. Beti tatu zimekula 9, yamebaki mawili, na ubeti wa nne unataka matatu. Ndiyo maana umekwama hapo hapo. Yapo mengine, kama koja na kiroja, lakini ukiyaburuta yaingie kwa nguvu, maana itapinda na msikilizaji atajua.

Kina cha mwisho, -na, hakikusumbui kwa sababu vitenzi vinakizaa: kupatana, kusikizana, kufundishana, na bado hujagusa "sana", "maana", "vijana". Kina kinachotoka kwenye mnyambuliko wa kitenzi (-ana, -wa, -sha, -ia) ni kisima. Kinachotegemea nomino ni mtungi tu.

Kwa hiyo geuza ukwapi (nusu ya kwanza) wa kiishio: "Daraja tumejengewa, tuvuke kwa kushikana." Mizani (hesabu ya silabi) bado ni 8 kwa 8, na sasa una -wa: kupewa, kuitiwa, kusikiwa, kufundishiwa, kupokewa. Neno "lugha" lililotoka litapata nafasi ndani ya beti. Itabidi beti tatu za kwanza uziandike upya. Kama moyo haukubali, fanya ukara: shika -na mwishoni, kina cha kati kibadilike ubeti kwa ubeti. Ila kama waandaaji wametaja mtiririko, hapo huna pa kukimbilia.

Jambo jingine linalokwamisha wengi hapa kwetu ni kuhesabu mizani vibaya. "Mtu" ni mizani 2 (m-tu), "nchi" ni 2 (n-chi), lakini "mwana" nayo ni 2 (mwa-na), si 3. Mshororo ukihesabiwa vibaya, mtu hukata neno zuri bila sababu, kisha anadhani kipaji kimemwacha. Piga kofi kwa kila silabi.

Bint_Arua

Mwalimu Manju amemaliza la shairi. Niseme la hadithi.

Mama wa Busia hana anachokitaka kwa haraka. Anasafiri, anatazama, basi. Ndiyo maana soko likishaelezwa hakuna kinachofuata. Mpe deni lenye saa. Kwa mfano, fedha alizobeba ni za kikundi cha akiba na lazima zirudi Jumamosi, au muuza belo ameahidi kumshikia hadi saa nne asubuhi tu. Mara moja foleni ya magari inapata maana, na kondakta anayesubiri abiria wajae anakuwa adui.

Halafu rudi nyuma. Mahali hadithi inaposimama mara chache huwa ndipo ilipoharibika. Kosa huwa ukurasa mmoja kabla. Soma kwa sauti kuanzia mwanzo, na pale ulimi unapochoka weka mstari. Kila kilicho chini ya mstari kihamishie daftari jingine. Usikifute, kwa sababu maelezo ya soko utayahitaji baadaye, vipande vipande, mama akiwa anakimbizana na saa.

Kutoka kwenye mstari huo andika mambo matano yanayoweza kutokea, sentensi moja kwa kila jambo. La kwanza na la pili yaache. Ukiandika "ameibiwa pochi", hilo kila msomaji amelitegemea tangu aliposikia Owino.

Mvuvi_wa_Maneno

Kuhusu Kiganda: usisimame. Andika neno kama soko linavyolisema, weka nyota, endelea. Mivumba\*, kaveera\*, mukene\*. Kamusi ifungue baada ya kumaliza, dakika 15 tu. Kuandika na kutafuta neno ni kazi mbili, na ukizichanganya kila moja inaizuia nyingine. Wakati wa kusafisha, amua neno moja moja. Katika masimulizi "mitumba", "mfuko wa plastiki" na "dagaa" yanatosha, maana msomaji wa Mombasa naye atasoma. Mdomoni mwa muuzaji acha "mivumba", kwa kuwa ndivyo anavyonadi.

Na kama kisima cha mawazo kweli kimekauka, nenda mwaloni Ggaba, wanakoshusha samaki ziwani, au stendi yoyote, ukae dakika 20 na daftari, simu ikiwa mfukoni. Andika sentensi tatu ulizozisikia neno kwa neno, harufu mbili, na kitu kimoja ambacho mtu anakifanya kwa mikono: anavyogeuza mukene juu ya wavu, anavyofunga mzigo kwenye boda. Kitu cha mikono ndicho chenye faida kubwa, kwa sababu kinampa mhusika kazi ya kufanya anapozungumza.

Kila siku andika maneno 1,000 hadi umalize.

Bint_Arua

Hapo kwa 1,000 sikubaliani, kaka. Mwenye kazi ya mchana atashindwa siku ya pili, ya tatu atalikwepa daftari. Maneno 250 yanatosha. Yaliyobaki 1,900 yanakwisha ndani ya siku nane. Na uache katikati ya sentensi unayoijua mwisho wake, ili kesho uanze kwa kuimalizia.

Kalamu_ya_Jinja

Asanteni sana. Nimeshika -wa. Swali moja: nianze na ubeti wa kwanza au orodha ya maneno?

Manju_wa_Bombo

Orodha. Karatasi mbili, moja ya -wa na moja ya -na, maneno 30 kila moja, akiba juu ya yale 21. Kisha andika ubeti wa saba kwanza, ukiwa bado na maneno mazuri mkononi, kwa kuwa huo ndio watakaotoka nao ukumbini. Kila neno ukilitumia likate, lisijirudie.