Gari nyeusi ikikaa juani inaonyesha utando wa buibui, nipige mashine au niache?

KijanaWaBoneti ameuliza:

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kabla sijaharibu kitu. Nina gari nyeusi, niliinunua mkononi kwa mtu miaka mitatu iliyopita. Ikiwa kivulini utasema imeshuka melini jana, ila ikisimama juani au usiku chini ya taa boneti yote inaonyesha mistari midogo midogo inayozunguka pale mwanga unapopiga, yaani utando wa buibui kabisa, na ukisogea unasogea na wewe. Na siyo kwamba naitelekeza jamani!! Kila jumamosi naiosha mwenyewe, ndoo yangu moja, sabuni ya unga, sponji, halafu nakausha na fulana ya zamani.

La pili rimu za mbele zina ukungu wa kahawia hautoki hata nisugue vipi, za nyuma zina nafuu sijui kwanini. La tatu dashibodi, nilipaka yale mafuta ya kung'arisha sasa inanata, vumbi limeganda juu na mwanga unarudi kwenye kioo cha mbele mpaka nakunja macho nikiendesha.

Jirani yangu ana grainda, anasema anaifunga pedi ya sufi, dakika ishirini tu boneti inakuwa kioo cha kujitazamia. Nimpe?

MsasaMzee amejibu:

USIMPE. Narudia kijana wangu usimpe hata kama ni rafiki wa damu.

Grainda ya kukatia vyuma inazunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika moja, mashine ya polishi yenyewe inaanzia mia kadhaa na ikipanda sana inafika kama 3,000. Hiyo tofauti ndiyo inayochoma rangi. Sufi kavu kwa spidi ile ikigusa ukingo wa boneti sekunde mbili tu umeshaona kijivu cha praima, ile rangi ya kwanza ya chini, na hapo hakuna dawa isipokuwa kupiga rangi upya.

Sasa elewa unachokisugua ni nini. Rangi ya gari za siku hizi ni tabaka: chini kuna praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa kuna klia, ile isiyo na rangi inayong'aa. Vyote kwa pamoja kwenye gari nyingi ni kama maikroni 100 hadi 150 (maikroni elfu moja ndiyo milimita moja), na klia peke yake inacheza kwenye 40 au 50. Karatasi ya kuchapia ni kama maikroni 100, kwahiyo klia yako yote ni nusu ya unene wa karatasi, ndugu yangu, na humo ndimo kuna kinga ya jua. Huo utando uko ndani ya klia, haujafika kwenye rangi. Polishi haiujazi, inachofanya ni kupunguza klia inayouzunguka mpaka usawa ulingane. Kila ukipiga umekopa kwenye akiba ambayo hairudi. Zile gari unazoziona paa limebabuka vipande vyeupe kama ngozi inayochunika, klia ndiyo imeachia, jua lake, na nyingine mtu alishaila kwa mashine mpaka ikabaki nyembamba.

Halafu kabla ya yote pima kama gari ina klia kweli, maana umeinunua mkononi na hujui ilipigwa rangi wapi. Chukua kitambaa cheupe, tia tone la polishi, sugua sehemu isiyoonekana. Kitambaa kikitoka cheusi basi hiyo ni rangi isiyo na klia au klia imeisha, rudi hapa tuongee upya.

Dawa_ya_Meno amejibu:

dawa ya meno mkuu, mimi mkwaruzo wa mlango niliusugua na dawa ya meno nyeupe ukaondoka, bei rahisi na mdomo unanukia 😂

MamaGiaboksi amejibu:

Haukuondoka kaka, umefifia. Dawa ya meno ina unga unaosaga, ila hakuna anayekuambia unasaga kiasi gani, umetengenezewa meno. Kwenye taa zilizopauka inasaidia kwa muda, kwenye boneti nyeusi unaongeza utando mwingine juu ya ule wa kwanza.

KijanaWaBoneti, mimi nakuambia ukweli usichukie, huo utando umeuchora wewe mwenyewe jumamosi kwa jumamosi. Fanya hivi leo jioni, ile sponji yako ikamulie kwenye bakuli jeupe lenye maji safi, subiri yatulie halafu angalia chini. Utaona mchanga. Sponji inaubeba kwenye vitundu vyake na kuusukuma kwenye rangi, na wewe unasugua kwa kuzungusha ndiyo maana mistari inazunguka. Halafu unaichovya kwenye ndoo ileile yenye tope unarudi bodini. Halafu fulana, na ina ushonaji pembeni, ule uzi mgumu nao unakwaruza.

Mimi naosha hivi. Rimu kwanza, na ndoo yake na brashi yake, havigusi bodi maisha yote. Kisha namwagia gari lote maji tu bila kugusa, mchanga mwingi unaondoka hapo, na hii hatua ndiyo watu wanairuka. Ndoo mbili, moja ina shampuu ya gari, nyingine maji matupu ya kusuuzia glavu. Glavu ya maikrofaiba ile yenye manyoya, nachovya kwenye shampuu, napitisha paneli moja kwa mistari iliyonyooka, nasuuza kwenye ndoo ya maji matupu, ndipo narudi kwenye shampuu. Naanzia paa, vioo, boneti, milango nusu ya juu, na sehemu za chini za milango na bampa ya nyuma mwisho kabisa kwasababu ndiko tope lilipo. Kukausha natandaza taulo kubwa la maikrofaiba juu ya boneti kama natandika kitanda, nalivuta taratibu, sisugui.

Sabuni ya unga acha, ile ni kali, imetengenezwa itoe mafuta kwenye nguo na inaondoka na waksi yote uliyopaka. Na usioshe juani bodi ikiwa ya moto, maji yanakauka kabla hujafika na kuacha madoa meupe ya chokaa, yakikaa sana yanakula klia.

Siku moja taulo liliniponyoka likadondoka chini, nikalikung'uta nikaendelea kwasababu nilikuwa na haraka, mstari uko kwenye mlango wa dereva mpaka leo nauona kila nikishika kitasa. Kitambaa kikianguka kinakwenda kufuliwa, basi.

SeramikiTu amejibu:

Mnamzungusha mwenzenu bure, apige seramiki koti, ile dawa ya maji inayokauka ikawa kinga ngumu juu ya rangi, amalize, ni 9H ngumu kama jiwe haikwaruziki tena, maji yanateleza kama kwenye jani la myugwa

MsasaMzee amejibu:

Maji kuteleza sawa, hapo sikubishii, na kinyesi cha ndege kinapata shida kushika. Lakini hiyo 9H ni kipimo cha penseli, wanakwaruza kwa penseli ngumu kuona kama itaacha alama, siyo kipimo cha mawe na madini. Kokoto ya barabarani haijui 9H. Na akiipaka leo juu ya utando ule, anaufungia ndani kama picha kwenye fremu, siku akitaka kuutoa itabidi asage kwanza seramiki yenyewe. Rangi inanyooshwa kwanza, kinga baadaye. Kama mfuko unabana waksi ya kawaida au silanti, yaani kinga ya kupaka kama waksi ila ya kemikali, inatosha kabisa, inarudiwa kila baada ya miezi michache, ukiona maji yameacha kujikusanya matone matone yanalala tu kama kitambaa ujue imeisha.

FundiVumbi amejibu:

Mimi nimekuja kwa ajili ya rimu, wengine wameongea vizuri.

Huo ukungu wa kahawia ni vumbi la breki. Pedi ikisuguana na diski vinatoka vipande vidogo vya chuma vikiwa vya moto, vinajichoma kwenye rimu na vikipata maji vinapata kutu, ndiyo rangi ya kahawia unayoiona. Na za mbele zinachafuka zaidi kwasababu ukikanyaga breki uzito wa gari unaenda mbele, breki za mbele ndizo zinafanya kazi kubwa. Kwahiyo hakuna kitu cha ajabu kwenye gari lako.

Kuna dawa ya kutoa chuma, ya kupuliza, ikigusa vumbi lile inageuka zambarau inatiririka kama juisi ya zabibu, na inanuka yai bovu usishtuke. Rimu iwe ya baridi, kivulini, puliza, subiri dakika chache kama walivyoandika kwenye chupa, USIIACHE IKAUKE, pitisha brashi laini mpaka ndani, suuza kwa maji mengi. Vaa glavu za mpira. Epuka dawa za asidi kali, zinatoa uchafu haraka kweli lakini kama rimu yako ni alumini isiyopakwa klia, au klia yake imeshapasuka, zinaacha weupe usiotoka. Rafiki yangu mmoja alitumia na rimu zikiwa za moto ametoka safari, mpaka leo zina michirizi kama machozi.

Matairi, ile dawa ya kuyafanya meusi paka kidogo halafu futa iliyozidi, ukiacha imelowana ukianza tu kutembea inarukia milango. Na ule upande wa tairi unaokanyaga barabara usipake kabisa, wala pedeli za breki, nishaona mtu amepaka pedeli zing'ae!! kiatu kikiteleza utamlaumu nani.

MamaGiaboksi amejibu:

Pedeli 😂😂 na usukani pia wanapaka.

Dashibodi yako iko hivi, hayo mafuta yana silikoni umepaka tabaka juu ya tabaka. Maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni laini, kitambaa kimoja cha kufutia na kingine kilicholowa maji tu cha kutolea sabuni, utarudia mara mbili tatu. Chochote unachopuliza pulizia kwenye kitambaa, siyo kwenye dashibodi, maji yakiingia kwenye redio au swichi ni kesi nyingine. Brashi laini ya kupakia rangi nyumba ikiwa mpya inatoa vumbi kwenye matundu ya AC vizuri sana. Ukitaka kupaka kitu tena tafuta kile cha kuacha plastiki bila mng'ao chenye kinga ya jua, au usipake kitu, weka pazia la kioo gari likipaki juani. Na ile sponji nyeupe inayofuta kila kitu ukutani isiguse plastiki za ndani wala ngozi ya siti, ile ni msasa mwembamba umevaa sura ya sponji.

KijanaWaBoneti amejibu:

Wakuu nimerudi, ni wiki mbili sasa. Kwanza MamaGiaboksi ile ya bakuli nimefanya, nimeona aibu. Chini kulikuwa na mchanga wa kutosha kupandia mchicha.

Kitambaa cheupe hakikutoka cheusi kwahiyo klia ipo. Rimu zimekuwa zambarau kweli mpaka mtoto akaita wenzake waje kuona, zimetoka asilimia kubwa ila ndani kabisa nyuma ya mikono ya rimu bado kidogo. Dashibodi mara nne, siyo tatu.

Boneti nimejaribu kipande kimoja tu, nimezungushia tepu ya karatasi mraba wa kama sentimita 50. Nikavaa mkono mfuko mwembamba wa plastiki nikapapasa rangi iliyooshwa kama nilivyosoma mahali, ilikuwa inakwaruza vidole kama kuna chumvi, nikapitisha ule udongo wa kusafishia rangi na maji ya shampuu mengi ikawa laini. Kisha polishi ya kukata kidogo kwa mkono na pedi ya sponji, matone manne kama punje za choroko. Mkono umekufa ganzi. Ila utando umefifia sana, mistari mirefu michache imebaki, na mmoja karibu na taa kucha yangu inakwama nikiupitisha. Swali: huo unaonasa kucha niuendee na polishi kali zaidi?

MsasaMzee amejibu:

Hapana, huo uache. Kucha ikinasa ujue umeingia ndani sana, ukiufuata mpaka uishe utakuwa umemaliza klia ya eneo lote kwa ajili ya mstari mmoja. Lainisha kingo zake kidogo usishike mwanga, basi, uishi nao.

Kabla hujafurahia huo mraba ufute na spiriti iliyochanganywa na maji. Polishi nyingi zina mafuta yanayojificha kwenye mistari, leo unaona imeisha, ukiosha mara mbili imerudi unaanza kumlaumu aliyekuuzia. Ukishafuta na bado ni safi, hiyo ndiyo hali halisi. Ukiendelea na boneti yote tafuta mashine ile inayozunguka huku inatikisika, siyo inayozunguka tu, inasamehe makosa ya anayejifunza. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi funika na tepu, pale rangi ni nyembamba kuliko kwingine. Waksi siku hiyohiyo ukimaliza, usiiache klia uchi.

KijanaWaBoneti amejibu:

Nimefuta na spiriti, vimerudi vimistari kama viwili vitatu tu, nimeridhika. Mashine naazima kwa jamaa wa kazini. Yule wa grainda ameninunia kidogo.

MamaGiaboksi amejibu:

Atakusalimia tu ukimwoshea lake. Hizo maikrofaiba ukifua usichanganye na taulo za pamba, zinaokota nyuzi, na usitie ile maji ya kulainishia nguo, inaziba nyuzi zake zinaacha kunyonya maji.

Dawa_ya_Meno amejibu:

nimekwenda kuangalia mlango wangu juani. mkwaruzo upo. na kuna duara jeupe limeuzunguka 😭 hiyo polishi ya kukata kidogo inatosha au nianze na ule udongo?

MamaGiaboksi amejibu:

Osha kwanza kaka, ndoo mbili. Kisha udongo, kisha ndiyo polishi.